Samagoli wa Newala na mtu wa laki nne

Mie nimerudi juzi kutoka Umakondeni, vumbi jekundu bado limo masikioni na begi langu lote linanuka korosho. Nakupa mkasa ungali wa moto.

Mama yangu akipiga simu baada ya saa nne usiku, ujue kuna mtu kafa au kuna mtu kafanya ujinga. Safari hii hakuna aliyekufa.

"Mdogo wako anaacha shule," mama akasema. "Anakwenda kucheza mpira Ulaya. Na mjomba wako anataka kuuza korosho ampe mtu hela. Kesho panda gari uende Newala."

"Mama, kesho nina kazi ya watu..."

"Kesho," akasema, na simu akakata.

Huyo mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Anacheza namba tisa. Kule kijijini hakuna anayemwita kwa jina lake, wanamwita Samagoli, kutokana na lile jina la utani la Mbwana Samatta, Samagoal. Sasa alitokea mtu mmoja kutoka Dar, kamwona kwenye bonanza moja, kamwambia ana kipaji cha hatari na kwamba yeye anapeleka vijana majaribio Ulaya. Kinachotakiwa ni laki nne tu za "fomu na paspoti", na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Si unazijua hizo Ijumaa zao?

Utauliza kwa nini nitumwe mimi. Eti mimi ndiye msomi. Msomaji wangu, mimi nina kidato cha nne, na divisheni yangu naomba tusiizungumze hapa. Lakini kwa sababu jina langu linatoka gazetini, ukoo mzima unaamini kuwa najuana na kila mtu kuanzia Samatta mwenyewe hadi rais wa FIFA.

Mimi nimepanga chumba kimoja Mbagala. Ukitaka kwenda kusini kwa basi, Mbagala huikwepi, na ndiyo maana watu wa Mtwara na Lindi tumejazana hapo kama dagaa kwenye kopo. Mtu akishuka na kifurushi chake Rangi Tatu, akipata chumba, basi, amefika Dar. Na hapo hapo Mbagala ndipo Samatta alipokulia. Alianza kuonekana katika timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ikageuka African Lyon. Kwa hiyo siku ile gari lilivyokuwa linajikongoja alfajiri kati ya bajaji na wauza kahawa, nilikuwa napita kwenye mitaa ya mtu yule yule ambaye nimetumwa nikamwondoe kichwani mwa mdogo wangu. Nikaona hii kazi ina mitego.

Nikatoa daftari. Nilijua nikifika nikaanza kusema "soma kwanza, mpira baadaye", dogo ataniona mzee. Afadhali niende na maisha ya Samatta yaliyonyooka, kwa miaka, nimwonyeshe kwamba hakuruka ukuta. Gari limepita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, mimi naandika tu huku jirani yangu, mama mmoja mwenye kuku wawili ndani ya kikapu, ananichungulia akidhani mimi ni mtu wa sensa.

Nikaandika hivi. Mwaka 2010 anaingia Simba. Mwaka 2011 Simba inakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba wakafungwa, lakini Mazembe walikuwa wameona kitu, na mwaka huo huo wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Mshikaji mwingine wa Kibongo, Thomas Ulimwengu, naye akatua huko huko mwaka huo. Hapo nikapiga mstari chini ya sentensi, bila kujua kwa nini nimepiga.

Tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Vijana mliozaliwa juzi hamjui shida ya kule kabla ya mwaka 2003, wakati daraja lile lilipofunguliwa. Mto ulivukwa kwa pantoni, na pantoni likiharibika au mvua zikichachamaa, watu wa kusini walilala ng'ambo na watoto wao. Benjamin Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa Lupaso, wilaya ya Masasi. Hata ule uwanja wa watu 60,000 pale Dar, ambao alianza kuujenga akiwa Rais, ulipewa jina lake mwezi Julai 2020 alipofariki. Kwa hiyo kila Taifa Stars wakicheza kwa Mkapa, wanacheza kwa mtu wa kwetu. Utani huo Wamasasi hawauachi: wanasema wao hawana timu Ligi Kuu, lakini uwanja ni wao.

Na kuhusu timu, kusini siyo kame kama watu wanavyodhani. Ndanda FC, Wana Kuchele, walipanda Ligi Kuu mwaka 2014 wakashuka mwaka 2020. Jina ni la Ndanda ya Masasi, kule kwenye misheni na hospitali ya Wabenediktini, ingawa mechi zao walichezea Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini. Namungo ya Ruangwa, majirani zetu wa Lindi, walipanda mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wazee nao watakukumbusha Mohamed Hussein wa Yanga, aliyefunga mabao 26 mwaka 1999. Alikuwa anaitwaje? Mmachinga. Jina la kusini hilo, kabla halijawa jina la kila anayeuza soksi Kariakoo.

Baada ya Mingoyo gari linaiacha bahari, linaingia bara, Mtama, Nyangao, Ndanda, na jua linapolegea unaanza kuyaona majabali ya Masasi. Sijui nikuelezeje. Ni milima ya mawe matupu, imesimama kila mmoja kivyake kama vile mtu alishusha mizigo akaahidi kurudi kuichukua. Katikati yake ndio mji. Mwaka 1876 Askofu Steere alikuja hapa na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakaanzisha makazi, na Waanglikana wako Mtandi hadi leo. Waliokuja walikuwa wametolewa makwao kwa nguvu, wakaambiwa hapa ndio nyumbani. Mji ulioanza hivyo hauna makuu na mgeni. Nilipata gesti, maji ya moto kwenye ndoo, na ugali na kisamvu bila kuulizwa kabila.

Sasa sikia la gestini. Pale mapokezi kulikuwa na televisheni, na kijana wa zamu alikuwa amesinzia na rimoti mkononi, akaiacha kwenye kipindi cha magongo, lakini yale ya kwenye barafu. Watu wamevaa viatu vya visu, wanateleza, wanagongana kama madume ya mbuzi. Nilitaka nimwamshe abadilishe, nikasikia mtangazaji anasema huyo mchezaji alitoka kwao akiwa na miaka 18. Nikakaa. Kizungu changu cha kidato cha nne kikanitosha.

Jina lake Jaromír Jágr, Mcheki, fowadi. Kazaliwa mwaka 1972 Kladno, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mwaka 1990 timu ya Pittsburgh ya Marekani ikamchagua, akaenda, hajui lugha, hajui mtu. Jezi yake namba 68, kwa kumbukumbu ya mwaka 1968, vifaru vya Warusi vilipoingia kwao, na mwaka huo huo babu yake akafariki. Dogo alikuwa anajua mchezo kuliko wakubwa wengi, lakini upweke ulikuwa unammaliza. Timu ikafanya nini? Mwezi Desemba mwaka huo huo wakamtafuta Mcheki mwingine, mtu mzima, Jiří Hrdina, wakamleta. Hakuwa nyota mkubwa, lakini alikuwa mtu wa kwao, wa kuongea naye. Mwaka 1991 wakachukua kombe, na 1992 wakachukua tena. Jágr akaja kumaliza kule Marekani na pointi 1,921, anayemzidi ni Wayne Gretzky peke yake. Mwaka 1998 akachukua dhahabu ya Olimpiki na nchi yake kule Nagano, Japani. Na uzee ulipobisha hodi akarudi Kladno, kwenye timu ya nyumbani ambayo wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mwenye mali, akawa anaingia uwanjani hata baada ya kupita miaka hamsini.

Usicheke barafu, msomaji. Nairobi hapo wana kiwanja cha barafu ndani ya hoteli tangu mwaka 2005, na timu yao ya Ice Lions ilialikwa hadi Kanada mwaka 2018. Sisi Newala barafu tunaijua ile ya ubuyu kwenye kifuko cha nailoni, basi.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua daftari nikautazama ule mstari wangu. Ulimwengu na Samatta, Lubumbashi. Hrdina na Jágr, Pittsburgh. Sasa mdogo wangu na nani?

Asubuhi nikadandia Noah ya Newala, watu kumi na moja na mbuzi mmoja, na mbuzi ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri. Barabara ya kupanda juu ndiyo inayotengenezwa kwa lami, kwa hiyo mahali pengine unateleza kama uko Ulaya na mahali pengine unameza vumbi. Chini ni joto. Halafu gari linaanza kupandisha, masikio yanaziba, unaingia juu kwenye uwanda wa Makonde, hewa inageuka baridi na mikorosho inaanza pande zote mbili bila kukoma.

Mtu asiyejua anadhani kijani kile ni neema ya maji. Thubutu! Juu kule hakuna mto. Ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, inakwenda kutokea mabondeni. Bibi yangu alikuwa anashuka gengeni usiku na kupanda na mtungi alfajiri. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ndio unasukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu, na pampu zikigoma, dumu la maji linakuwa na bei kama soda. Ukiona dogo wa Newala ana pumzi uwanjani, usiulize mazoezi kayafanya wapi.

Mjomba nilimkuta uwanjani kwake, kakaa juu ya gunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwandishi. Mama yako kakutuma."

"Nimekuja kusalimia tu, mjomba."

"Kasalimie kwanza, halafu uje useme ulilotumwa."

Kwetu Wamakonde, kwa mila, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi mwenyewe nilipotaka kuja Dar, baba alisema nenda, lakini begi nilifunga siku mjomba aliposema. Kwa hiyo usimwone mjomba kama mzee mmoja wa korosho aliyerubuniwa. Huyo ndiye mahakama ya rufaa.

Na mahakama ilikuwa na hamu ya Ulaya. Mjomba alikuwa mmoja wa waliojazana kwenye kibanda umiza Novemba 5 mwaka 2019, Genk walipokwenda kwa Liverpool, mabingwa wa Ulaya, na Samatta akapiga kichwa nyavuni Anfield. Genk walifungwa 2-1, lakini Newala hakuna anayekumbuka hiyo mbili. Mjomba anaielezea kona ile mpaka leo kama vile yeye ndiye aliyeipiga.

Jambo lililoniuma ni jinsi laki nne zingepatikana. Korosho kwa utaratibu unapeleka chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, halafu hela inaingia benki. Hayo yote hayawahi Ijumaa. Anayewahi Ijumaa ni mnunuzi wa kangomba, anayekuja usiku na kipimo chake, anakupa hela mkononi, na bei anayokupa ni ya kukukomoa. Mjomba alishatenga magunia. Ndiyo yale aliyokuwa amekalia.

Jioni nikamchukua dogo hadi Shimo la Mungu. Ukifika Newala usipofika hapo hujafika. Uwanda unakatika ghafla kama meza, chini kabisa unaona misitu na mashamba na bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya pili ni Msumbiji. Upepo unakuvua kofia. Wazungu wangelipa kiingilio, sisi tunakwenda kulia mapenzi.

Nikafungua daftari. Nikamsomea yote. Kwamba Samatta hakutoka Mbagala kwenda Wembley. Alikaa Mazembe miaka minne na ushee, tena mahali ambapo sokoni wanaongea Kiswahili. Mwaka 2015 akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika, na yeye akamaliza na mabao saba kwenye mashindano. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huo huo ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Genk nao ni mji wa migodi ya makaa iliyofungwa, timu yenyewe imeundwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za wachimbaji. Akakaa miaka minne mingine. Mwaka 2019 wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 ndiyo Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 1 akafunga kwa kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1.

"Tangu aondoke Bongo mpaka Wembley, ni miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Karibu tisa."

"Na Villa alikaa muda gani?"

Akanyamaza. Anajua. Wanajua kila kitu hawa. Hata mwaka haukuisha, Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Halafu Antwerp, halafu Genk tena, halafu PAOK ya Ugiriki ambako alichukua ubingwa mwaka 2024, na mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Ni kazi ya kufunga na kufungua begi.

"Kaka," dogo akasema, anatazama Msumbiji, "wewe shule ulimaliza."

"Ndiyo."

"Umepata nini?"

Msomaji, nimeandika kwenye gazeti hili mambo mengi, lakini swali kama lile sijawahi kuulizwa. Nina chumba cha kupanga, kitanda, redio na deni la duka la mangi. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba ninajua kusoma mkataba, na kwamba ile karatasi aliyotumiwa na yule mtu kwenye simu nimeisoma, haina jina la timu, haina jina la nchi, ina nembo tu.

"Lakini kaka, hujaniona nikicheza."

Kweli. Jumamosi nikaenda kumwona. Uwanja wenyewe ni mchanga, goli la upande wa shule lina mti uliopinda, na mkorosho mmoja uko karibu na kona kiasi kwamba mpira ukiingia matawini refa anahesabu tatu halafu anapiga filimbi. Nisikufiche, nilikwenda nikiomba awe galasa. Awe wa kawaida tu, nimwambie mama, tumalize.

Dakika ya kumi hivi ikapigwa ndefu kutoka nyuma. Akaituliza kifuani amelipa goli mgongo, beki kamganda, mara nikaona beki anakwenda upande mmoja na yeye upande mwingine. Kwa mguu wa kushoto, chini, pembeni kabisa. Hakukimbia kushangilia. Aliokota mpira wavuni, maana wavu umetoboka na ungeteremka bondeni. La pili alifunga kwa kichwa na kuangukia mchanga. Wale watoto walioko kwenye mkorosho walikuwa wanaimba jina lake mpaka matawi yanalia. Nikasimama pale na daftari langu, sina la kuandika. Dogo anajua mpira. Sasa ningesemaje?

Usiku tukakaa, mjomba, mama mdogo, dogo, na mimi. Kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha kwenye ungo. Mjomba akatoa simu akaiweka katikati kwenye sauti kubwa.

"Mpigie wewe, mwandishi. Mimi nitasikiliza."

Yule mtu alipokea haraka, sauti tamu kama ya mtangazaji. Nikajitambulisha kuwa ni kaka wa mchezaji. Nikamuuliza timu inaitwaje. Akasema ni siri ya biashara. Nikamuuliza namba ya leseni yake ya uwakala, maana mwaka 2023 FIFA ilirudisha mtihani na leseni za mawakala, na mwenye nayo huwa anaionyesha kabla hujauliza. Akasema leseni iko ofisini. Nikamwambia mtoto ana miaka 17, na sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi, isipokuwa kwa sababu chache ambazo yeye hana hata moja. Samatta mwenyewe aliondoka akiwa na 18.

Kimya kidogo. Halafu: "Sikiliza kaka, mimi napenda kusaidia vijana. Leteni laki mbili basi, nyingine mtamalizia akishafika."

Mjomba akainua kidole, mimi nikanyamaza.

"Laki moja na nusu," simu ikasema yenyewe.

Mjomba akaizima. Mjomba ameuza korosho tangu enzi za chama cha ushirika, amepitia hata ile Novemba ya 2018 Rais Magufuli alipoleta jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kilo. Akatafuna mng'oko taratibu. "Mtu akishusha bei kabla hujamwomba," akasema, "gunia lake lina mawe."

Dogo alitoka nje. Tulimsikia anapiga mpira ukutani, dum, dum, dum, mpaka mama mdogo akataka kumfuata. Mjomba akamkataza.

Mimi nikadhani kazi imekwisha. Nikaanza hata kuaga, nikasema kesho nawahi Masasi. Mjomba akanitazama.

"Umemwona akicheza?"

"Nimemwona, mjomba."

"Anajua, hajui?"

Nikakwama. Kusema hajui ni uongo, na ukutani kule mpira unadunda. "Anajua," nikasema.

"Basi atamaliza kidato cha nne mwakani. Korosho nitapeleka chamani kama kawaida. Akimaliza atakuja kwako Mbagala, atafute timu huko huko alikoanzia mwenzake. Umesema mwenyewe hapa, mtoto haendi ugenini bila mtu wa kwao." Nilikuwa nimewasimulia habari za yule Mcheki na mwenzake. Ulimi wangu, jamani!

"Mjomba, mimi nina chumba kimoja."

"Mimi nililala na wadogo zangu wanne kwenye kitanda cha kamba."

Hapo ndipo mahakama ilipofunga kesi.

Asubuhi dogo alinisindikiza hadi stendi, kabeba kifuko cha korosho na furushi la ming'oko la mama. Hakuwa na uchangamfu wa siku zote. Alikuwa amenuna, na ninamwelewa, maana Ulaya yake ilikuwa Ijumaa na mimi nimeisogeza mpaka mwakani, tena Mbagala. Noah ilipowaka akasogea dirishani.

"Kaka, kutoka kwako mpaka wanapofanya mazoezi African Lyon ni mbali?"

"Tutatafuta."

"Na umeme upo?"

"Luku ikiwepo."

Gari likaondoka. Masasi nikapanda basi la Dar, majabali yakabaki nyuma moja moja, na safari yote sikuandika kitu. Nilikuwa napima chumba changu kichwani, kitanda kikisogezwa ukutani, ndoo zikipandishwa juu ya kabati. Nilishuka Rangi Tatu usiku, maduka mengine yanafungwa. Nikasimama kwa muuza magodoro, nikamuuliza la inchi nne ni shilingi ngapi.

Akaniuliza, la mtu mmoja au wawili?